Mapacha wa Jando Moja

Timu ya taifa ya vijana ikicheza, mume wangu hunipigia simu nirudi nyumbani haraka, na mimi makusudi kabisa napitia kwanza kusuka nywele. Anadhani nimechoka kufungwa. Na kusema kweli, nani asichoke? Sisi tulioifuata timu hiyo tangu ujana wetu historia yake tunaijua bila kufungua kitabu. Kuna miaka hatukufuzu kabisa. Kuna miaka tulifuzu, vijana wakasindikizwa uwanja wa ndege kwa ngoma na vigelegele, wakatolewa kwenye makundi, na siku ya kurudi wakapokelewa na dereva wa basi. Kuna miaka tuliongoza mpaka dakika za majeruhi, halafu sijui tunafanyaga nini pale, mpira ukaingia. Wachambuzi wa redioni wana maneno manne tu kwa ajili ya timu hiyo: vijana wamepambana, wamepata uzoefu, tumejifunza, sasa tujipange. Tunajipanga tangu sijaolewa.

Mimi lakini sikimbii kwa sababu ya kufungwa. Yako mashindano fulani ambayo nikisikia mtu anayataja natamani niinuke niondoke, na nikiinuka mume wangu ataniuliza naenda wapi. Nimeishi hivyo miaka kadhaa. Nayasema hapa kwa kuwa pale yalipotakiwa kusemwa nilinyamaza.

Mimi si wa huku. Nimezaliwa Njombe, kwenye baridi, nikaletwa Mtwara na barua ya kupangiwa kituo cha kazi. Mume wangu yeye aliletwa na bandari. Tulikutana kanisani, tukapanga nyumba Rahaleo, na kila mwaka tukasema mwaka ujao tunaomba uhamisho, mpaka tukaacha kusema. Shule yangu ilikuwa nje ya mji, ukishapita Mtawanya, katikati ya mikorosho na mashamba ya mihogo. Wanafunzi karibu wote walikuwa watoto wa wakulima, Waislamu, na nyumbani kwao walizungumza Kimakonde. Kiswahili changu cha nyanda za juu kiliwavunja mbavu, na mimi chao kilinivunja mbavu. Tulichekana hivyo mpaka tukazoeana.

Jambo moja tu lilinishinda miaka ile ya mwanzo, nalo ni umri wa wavulana. Umwulize mzazi, mtoto huyu ana miaka mingapi, atakwambia ametoka jando na mtoto wa fulani. Kwetu mtoto anahesabiwa tangu siku aliyozaliwa. Pale mvulana alihesabiwa tangu siku aliyotoka jandoni, na waliotoka pamoja walikuwa sawasawa, hata kama mmoja anabalehe na mwingine bado anabebwa mgongoni kuvushwa kwenye matope. Halafu jando lenyewe halichezwi kila mwaka. Korosho zikianguka bei, hakuna ngoma. Kwa hiyo mwenye watoto wawili wa kiume, mwaka wa neema ukija anawapeleka wote, mkubwa aliyechelewa na mdogo ambaye hajafikia, gharama iwe moja. Wanatoka na nguo mpya, miwani ya jua, miavuli, na majina mapya vilevile. Mwalimu unafungua daftari lako la mahudhurio, unaita jina, mtoto anakutazama tu kwa sababu huyo unayemwita hayupo tena duniani.

Januari moja, wiki ya kuandikisha darasa la kwanza, baba mmoja alikuja na wanawe wawili waliotoka jandoni miezi michache kabla. Wa kwanza alikuwa na kadi ya kliniki, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa uangalifu wa ajabu. Nikanakili tarehe. Wa pili hakuwa na kadi. Alizaliwa nyumbani kwa mkunga, na kadi waliyopewa baadaye iliisha kwa mchwa. Nikauliza, huyu je? Yule baba akasema huyu na mwenzake ni jando moja, mwalimu, andika hivyohivyo.

Nikaandika hivyohivyo. Wala sikuandika. Chini ya tarehe ya mkubwa niliweka vile vistari viwili vya kuonyesha kuwa ni kama hapo juu, nikaita mzazi mwingine. Na nisijitetee, mtoto nilimwona. Alimfikia kaka yake kwapani. Kaptura yake ilikuwa imekunjwa mara tatu kiunoni, na meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, mengine hayajaota. Mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba kati ya wale wawili ipo miaka mitatu, labda kasoro kidogo. Lakini joto lilikuwa la Januari ya Mtwara, foleni ya wazazi imefika mlingoti wa bendera, na mkuu wa shule anataka daftari mezani kwake kabla ya saa nane. Nilikuwa na njaa pia. Nikajiambia, kwani kitaharibika nini?

Baadaye, watoto wakiwa darasa la nne au la tano, walikuja watu wa vizazi na vifo kuwapa vyeti wanafunzi wote ambao hawakuwa navyo. Walinakili tarehe kutoka kwenye madaftari yetu, ofisini kwetu, wakinywa chai yetu. Ndugu wale wawili wakapewa vyeti vyenye siku moja, mwezi mmoja, mwaka mmoja. Walimu tukacheka sana. Tukawaita mapacha wa jando, na jina likawaganda mpaka wanamaliza shule.

Yule mkubwa alikuwa mtoto wa kawaida, mpole, mpenda usingizi. Mdogo ndiye aliyekuwa na mguu. Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo kwa sababu tu hakuna mwingine aliyetaka kusimama juani, na mpira nilikuwa najua ule wa kushabikia. Lakini hata mimi niliona. Alikuwa wa mguu wa kushoto, anacheza beki ya kushoto, na alikuwa na mtindo ambao sijui aliutoa wapi. Hakuwa anamvamia mtu. Winga akija mbio, yeye anarudi naye nyuma, anarudi naye, amemfungia njia ya ndani, anamsindikiza kwa adabu mpaka kwenye mstari, na pale mstarini winga mwenyewe anajikuta hana pa kwenda. Ndipo anauchukua mpira. Wenzake walimtania kwamba anawapeleka watu msalani.

Alipochaguliwa sekondari ya mjini, nyumba yangu ikawa ya pili kwake. Jumapili nikirudi kanisani namkuta kibarazani na mume wangu, ambaye siku hizo goti lake lilikuwa limeshaumia bandarini na kanisa amelifanya la redio. Wanabishana mpira. Mume wangu alimnunulia viatu vya kwanza vyenye njumu. Mimi Mungu alinipa mabinti, nawapenda, wameolewa mbali. Yule kijana nilimpenda kama wangu, na ninaliandika hili nikijua ninavyoonekana.

Basi akaja mtu kutoka Dar es Salaam kutafuta vijana wa timu ya taifa ya chini ya miaka kumi na saba. Palikuwa na mashindano ya kufuzu mbele, halafu yale yenyewe ya Afrika, na safari hii, tuliambiwa, nchi imejipanga. Vijana wa mkoa mzima wakakusanywa kwenye uwanja wa mjini. Wengine, jamani, walikuwa na ndevu zimenyolewa asubuhi ile na sabuni bado inaonekana shingoni. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kwa sauti kuliko wote pale pembeni. Nilimwambia kocha wa timu moja kwamba mchezaji wake nimesoma naye.

Mteuzi yule alimtazama kijana wangu dakika kumi hivi. Akaandika. Akatazama tena, akaniuliza jina lake mara mbili. Alisema beki ya kushoto ndiyo imeiua timu hii kila mashindano, kila siku wanamchukua mtu wa mguu wa kulia wanamlazimisha, na kwamba huyu asipoharibiwa na mtu atacheza mbali. Kijana alikuwa amesimama karibu, anatoa majani kwenye njumu, anajifanya hasikii. Masikio yalikuwa yamemsimama.

Halafu akaomba cheti. Akakisoma, akahesabu kwa vidole, akanirudishia.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimezoea wazee wanaoniletea vyeti vya watoto. Huyu ni mtoto ameniletea cheti cha mzee."

Kwa cheti kile alikuwa na miaka kumi na minane. Kwa haki ya Mungu alikuwa na kumi na mitano anaelekea kumi na sita. Nilimweleza, na yule bwana alinisikiliza vizuri, hakunicheka. Akasema kambini wanapiga picha ya mfupa wa kifundo cha mkono, na huo mfupa utasema wenyewe. Lakini hawezi kumpiga picha mtu ambaye karatasi yake imeshamtoa nje. Nimletee cheti kilichosahihishwa. Majina yanafungwa Ijumaa ya wiki inayofuata, jioni.

Jumatano ya wiki hiyo niliomba ruhusa shuleni, nikaenda ofisi inayohusika pamoja na mama yake. Baba yao alikuwa ameshafariki. Mama alivaa kanga mpya na kuja na maelezo yake yote kichwani: mtoto alizaliwa msimu ule mvua ilipokatika mapema na mihogo ikang'olewa michanga, kaka yake wakati huo ameshaacha kunyonya. Aliyarudia njia nzima kwa sauti ndogo, asisahau.

Ofisa tuliyemkuta alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu. Niliposema tu neno mpira, akaiweka kalamu chini na kushusha pumzi. Alisema kila wateuzi wakija mkoani yeye hupata foleni ya makocha na walimu wanaotaka kupunguza umri wa watu, na wote wana mama mzazi wa ushahidi. Nilitamani ardhi inimeze. Maneno yale yale niliyokuwa nawacheka nayo wenzangu pale uwanjani, sasa nayasikia nikiwa upande wa pili wa meza. Nilikuwa nasema ukweli mtupu, na nilikuwa nafanana na matapeli wote waliowahi kukaa kwenye kile kiti.

Lakini alitazama nakala za daftari nilizobeba. Akaona tarehe moja, wazazi walewale. Akamwuliza mama kama hawa ni mapacha. Mama akajibu kwa heshima kabisa kwamba hapana, ni jando moja tu.

Yule ofisa akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe na yeye ni wa huku huku, na kwao wako kaka zake wawili wa namna hiyo, mmoja alistaafishwa kabla ya wakati kwa umri wa mwenzake. Akatuamini. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu huko mbele nitasema kitu kingine: alituamini. Alisema linarekebishika. Kinachotakiwa ni kiapo cha mama, ambacho mama alikitia dole gumba palepale akatoka kusubiri nje, na maelezo ya maandishi ya mtu aliyeingiza tarehe ile kwenye daftari. Akaniuliza ni nani. Nikasema ni mimi.

Akachapa ukurasa mmoja, akanipa. Uliandikwa kwamba mimi, mwalimu wa shule fulani, nakiri kuwa niliingiza tarehe isiyo sahihi katika kumbukumbu ya serikali bila kuithibitisha. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi yangu. Chini zaidi paliandikwa kwamba nakala inakwenda kwa mwajiri wangu.

Nikauliza hiyo nakala ikifika huko inakuwaje. Alinijibu kwa uaminifu kwamba hajui, inategemea nani ataifungua. Wengine wanaonywa. Wengine faili linafunguliwa.

Nilikuwa nimebakiza miaka minne kustaafu. Mume wangu goti lake ndilo lile, hafanyi kazi tena. Kalamu nilikuwa nimeshaishika, na kofia yake nimeshaitoa. Nikasema naomba nikaisome vizuri nyumbani. Akasema sawa mwalimu, Ijumaa ofisi inafungwa saa tisa na nusu, ukiniletea kabla ya hapo cheti kinatoka siku hiyohiyo.

Mama alikuwa ananisubiri nje kwenye benchi. Hajui kusoma. Nikamwambia wanalifanyia kazi. Akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu atanilipa.

Ile karatasi ilikaa kwenye mkoba wangu Jumatano na Alhamisi. Mume wangu sikumwambia, maana namjua, angeniambia nisaini halafu angekaa na wasiwasi miaka minne bila kuusema. Alhamisi jioni nilikwenda Shangani, nikatembea pale kando ya bahari na watu wengine wanaopunga upepo, nikawa najipangia hoja. Kwamba wako vijana wengi. Kwamba hata akienda timu yenyewe itatolewa kwenye makundi kama kawaida yake. Kwamba picha ya mfupa inaweza kukosea. Kwamba mpira una kuvunjika mguu, na mimi nitakuwa nimeshapoteza kila kitu. Hoja zilikuwa nzuri. Mimi ni mwalimu, najua kupanga hoja. Ni mimi pia niliyewahi kumsimamisha mtoto wa darasa la tatu mbele ya wenzake kwa kudanganya kuhusu kalamu.

Ijumaa nilifundisha. Mchana nilikuwa na somo la sehemu, kugawanya na kuzidisha. Saa nane nilikuwa nasahihisha madaftari. Kutoka shuleni mpaka mjini kwa bodaboda haifiki nusu saa, na bodaboda walikuwepo getini, nawaona dirishani, wamekaa juu ya pikipiki zao wanakula miwa. Saa tisa nikawa bado nasahihisha. Saa tisa na nusu nikaweka alama ya vema kwenye jibu ambalo, nilipolitazama tena, lilikuwa kosa. Hakuna aliyenizuia, hakuna aliyeniita. Nilikaa tu kwenye kiti mpaka muda ukapita.

Alinikuta nyumbani jioni. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, lile la sikukuu, nadhani alifikiri kutakuwa na safari. Akasema shikamoo mwalimu. Nikaitika.

"Wamekataa, mwanangu," nilisema.

Aliuliza kama wamesema sababu. Nikamwambia karatasi, mambo ya karatasi. Akatikisa kichwa taratibu, akasema sawa. Kisha akamsaidia mume wangu kusogeza pipa la maji, kwa sababu alimkuta anahangaika nalo, akaaga. Lile shati alilivua kwanza akalitundika kwenye msumari lisilowe, na baadaye akalivaa tena akafunga vifungo vyote mpaka cha juu.

Mashindano ya kufuzu tulivuka, kwa shida. Yale yenyewe yalipofika, mume wangu aliamua twende kuangalia mechi ya kwanza kwenye kibanda umiza pale Rahaleo, kwa kuwa nyumbani king'amuzi kilikuwa kimekatika, na akampigia simu kijana aje tukae naye. Nilitafuta sababu ya kutokwenda nikakosa. Ilikuwa saa kumi, kibanda kimejaa, joto, mabenchi ya mbao, watu wamevaa jezi za taifa. Nilikaa katikati yao wawili.

Walimweka beki ya kushoto mtoto wa mguu wa kulia. Alikuwa anajitahidi, maskini, anakimbia kama anafukuzwa. Wale tuliocheza nao wakaliona pengo hilo dakika ya tano tu, wakawa wanapitia hukohuko. Goli la kwanza likatokea kushoto kwetu. Baada ya mapumziko likatokea la pili, njia ileile, winga yuleyule, na mtangazaji akasema upande ule pana tatizo. Pale mbele akasimama baba mmoja amevua kofia, akageuka kututazama sisi wote tuliokuwa nyuma yake.

"Hivi jamani nchi nzima hii," alisema, "tumekosa hata beki mmoja wa kushoto?"

Watu wakacheka, kicheko kile cha kufungwa. Kijana naye akacheka. Kisha akainama kidogo akasema, si kwa mtu, kwamba anamwachia njia ya ndani, na ya ndani huwa haiachwi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unamwelekeza yule beki wa kwenye runinga, sogea, sogea, mfungie. Kijana wangu alikuwa na miaka kumi na sita.

Njiani mume wangu aliwatukana watu wa ile ofisi mpaka tunafika mlangoni. Aliwaita wauaji. Kijana akamwambia basi, baba, wana taratibu zao. Mimi nikasema ni kweli, wana taratibu zao.

Timu ilitolewa kwenye makundi. Redioni wakasema vijana wamepambana. Ukiitafuta rekodi ya timu ile leo utakuta mstari mmoja wa mashindano hayo, kama mistari mingine ya juu yake na ya chini yake, na hakuna mtu atakayeuliza ulitokea wapi. Mashindano yaliyofuata yalipofika, kijana alikuwa ameshavuka umri kwa kweli, si kwa cheti. Alicheza kidogo timu za mtaani, halafu msimu wa korosho akapata kazi ya kubeba magunia ghalani, na msimu ulipoisha hakurudi uwanjani. Nilimwuliza siku moja akasema bega linamsumbua. Beki wa kushoto, bega.

Yule ofisa nilikutana naye mwaka uliofuata, Shangani palepale, anatembea na wajukuu. Alinikumbuka. Alisema ile Ijumaa alinisubiri mpaka saa kumi, akadhani nimepata njia nyingine. Nikasema ndiyo, tulipata. Akafurahi. Akaniambia kwamba mwezi uleule mwalimu mmoja alisaini karatasi kama yangu kwa ajili ya binti fulani, akaitwa, akaonywa kwa mdomo, akarudi kufundisha. Nikamuaga, nikaenda nikakaa kwenye ukuta wa bahari kwa muda mrefu.

Mwaka jana nilistaafu. Shule iliniandalia sherehe ndogo chini ya turubai, wazazi wakaalikwa. Walisema maneno mazuri. Mwakilishi wa mwajiri alisoma utumishi wangu wote na kusema faili langu halina doa hata moja. Ndipo mama yake yule kijana akanyoosha mkono, akaomba kusema. Hakuwa kwenye ratiba. Alikuwa amebeba mfuko wa korosho alizobangua mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwa utomvu. Alisema Kiswahili chake kibovu wamsamehe.

"Walimu wengi wamepita hapa kwetu," alisema. "Huyu peke yake aliacha kazi yake akaenda kwa wakubwa kumsemea mwanangu. Wakubwa walikataa. Yeye hakukataa."

Turubai zima likapiga makofi. Mume wangu alikuwa anafuta macho. Nilisimama, nikaupokea ule mfuko kwa mikono miwili, nikasema asante sana, mama. Nyuma yake alisimama mwanawe, beki wangu, ametoka ghalani na vumbi la magunia kwenye nywele, ananitazama usoni huku anapiga makofi kuliko wote.